Tangi Liko Uani Kwangu, Lakini Si Langu

Dereva wa boza alishuka, akaburuta mpira wake mpaka nyuma ya nyumba, akafunua mfuniko wa tangi. Mimi nimesimama pembeni, mikono mfukoni, najiona mjanja. Wiki mbili nzima nilikuwa nimepiga simu huku na huko nikilinganisha bei ya gesi, na hatimaye nimempata muuzaji aliye nafuu kuliko kampuni iliyokuwa ikitujazia tangu tuhamie. Dereva akainama. Akafuta vumbi kwenye stika iliyopauka chini ya mfuniko, akaisoma, akaisoma tena. Kisha akafunika taratibu, kama mtu anayefunika sufuria isiyo yake.

"Bosi, hili tangi si lako."

"Si langu vipi? Nyumba nimenunua."

"Nyumba ni yako. Tangi lina wenyewe. Nikilijaza hili, kesho sina kazi."

Akakunja mpira, akaniomba radhi kana kwamba kosa ni lake, akaondoka na gesi yake yote. Nikabaki uani na lile dude jeupe la urefu wa mita tatu, ambalo kwa mwaka mzima nilikuwa nalikatia nyasi pembeni, nalifagia majani mgongoni na kuwaonyesha wageni kama sehemu ya mali yangu.

Kosa lilianza siku ya kukagua nyumba. Aliyeniuzia alinizungusha kila kona: paa, mabomba, nyaya. Tulipofika kwenye tangi alilipiga kofi mara mbili ubavuni, akasema, "Na gesi ipo, zaidi ya nusu." Mimi nikasikia "na tangi lipo." Mzee wa watu hakusema uongo. Gesi ilikuwepo kweli, na alinidai thamani yake hadi lita ya mwisho. Tangi hakulitaja kwa sababu hakuwa nalo la kuuza. Halafu boza la kampuni lilipokuja mara ya kwanza, nikapewa karatasi mbili nisaini. Nilidhani ni risiti ya mzigo. Nikazilaza juu ya tangi lenyewe, kwa kuwa ndiyo meza iliyokuwa karibu, nikasaini. Ulikuwa mkataba wa kukodi.

Baada ya yule dereva kuondoka ndipo nilipozitafuta zile karatasi na kuzisoma. Kodi ya mwaka ilikuwa ndogo ya kuchekesha. Nikajiuliza, hawa wanapata faida gani kwa kodi hii? Jibu lilikuwa mstari wa chini yake: hakuna mwingine anayeruhusiwa kutia gesi ndani ya tangi lile isipokuwa wao. Kumbe aliyekodisha kitu kikubwa ni mimi. Nimewapa haki ya kuniuzia gesi peke yao, nao wakaniachia tangi uani liwe kufuli.

Niseme kwa haki kwamba katazo hilo si ukorofi mtupu, na sehemu nyingi limo hata kwenye sheria. Tangi likivuja au likilipuka, mwenye tangi ndiye anayeulizwa. Hakuna anayetaka kujibia vali iliyochezewa na mtu asiyemjua. Ila katazo lililowekwa kwa ajili ya usalama linafanya kazi nzuri sana ya biashara pia, na hilo halijaandikwa mahali popote kwenye mkataba.

Biashara hii, ukiitazama tangu mwanzo wake, ni ya chombo kabla ya kuwa ya gesi. Mwaka 1910 mkemia wa Marekani, Walter Snelling, alikuwa anachunguza kwa nini petroli inapungua kwa kugeuka mvuke ikiwa imehifadhiwa. Ndani ya ule mvuke akaikuta propani, gesi ileile inayojazwa kwenye matangi kama langu. Gesi ilikuwepo siku zote, inatoroka tu. Tatizo lilikuwa kuikamata, na mwenye chombo cha kuikamatia ndiye aliyepata kitu cha kuuza.

Na si chombo cha mchezo. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri za Selisiasi, maana yake hata siku ya baridi ya kukata masikio, ndani ya tangi inachemka na kutoa mvuke unaosukuma kwenda kwenye jiko, hita na boila. Ndiyo sababu matangi ya nje ya sehemu za baridi yanatiwa propani na si butani, ambayo ikifika sifuri inalala. Kuchemka huko kunahitaji joto, na joto hilo linatoka kwenye kuta za chuma zilizogusana na gesi majimaji, yaani gesi iliyoshindiliwa ndani ya tangi hadi ikawa kimiminika. Tangi dogo, tena limebaki na gesi kidogo, usiku wa baridi na hita zote zimewashwa, huanza kuota barafu kwa nje huku moto wa ndani ukififia. Naeleza haya kwa sababu ukikodi, anayechagua ukubwa wa tangi mara nyingi ni kampuni. Mimi nilipewa la lita 1,900 na sikulalamika. Najua watu waliowekewa la robo ya hilo, na kila baridi ikizidi wanaomba boza kama watu wanaosubiri mvua.

Ule ukubwa nao una hila yake ndogo ambayo wageni wa tangi hawaijui. Lita 1,900 ni za tangi, si za gesi. Hujaziwi zaidi ya asilimia 80, kwa sababu propani ikipata joto inatanuka sana, karibu asilimia 3 kwa kila nyuzi 10, na tangi lililojaa hadi shingoni halina pa kuiweka. Kwa hiyo tangi langu "limejaa" likiwa na lita 1,520. Siku ya kwanza niliona geji imeishia 80 nikakimbilia simu kulalamika kwamba nimepunjwa. Dada wa huduma kwa wateja alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Sasa, je, ninunue langu? Hapo nilikwama kwa muda, kwa sababu kila nilipopiga hesabu kwa fedha, bei ya gesi ilikuwa imeshabadilika kabla sijamaliza. Mwishowe nikaacha fedha, nikahesabu kwa lita. Kila gharama niliigeuza kuwa lita za gesi kwa bei niliyokuwa nalipa siku hiyo. Tangi jipya la ukubwa uleule, pamoja na kulisafirisha, msingi wa zege na fundi wa kuunganisha, lilitoka kama lita 4,500. Matumizi yetu ya mwaka, kwa kuwa tunapasha nyumba nzima joto na maji ya kuoga, ni lita 3,800 hivi. Yule muuzaji nafuu, ambaye dereva wake alikataa tangi, tofauti yake na kampuni yangu ilikuwa kwamba kwa kila lita sita, moja ni ya bure. Gawanya 3,800 kwa sita unapata lita 630 na ushee kwa mwaka. Tangi linajilipa kwa miaka saba. Chuma hicho kikitunzwa kinapita miaka 30.

Niliridhika na hesabu hiyo kiasi kwamba nikaanza kuwahubiria watu. Wa kwanza alikuwa dada yangu, anayetumia gesi kwa kupikia tu. Akanitazama kwenye simu nikimpigia hesabu yangu, akaniuliza swali moja: "Mimi natumia lita ngapi?" Kama 150 kwa mwaka. Moja ya sita yake ni lita 25. Tangi dogo la kununua, lile la lita 450, kwa hesabu yetu ya lita lingemgharimu kama 1,500 na ufundi wake. Miaka 60. "Kaka," akasema, "mimi nina miaka arobaini na saba." Mahubiri yakaishia hapo.

Kwa hiyo matumizi ndiyo yanayoamua, na watu wengi wanaanzia upande wa pili, kwenye bei ya tangi. Anayepika tu akodi, au atumie mitungi ya kubadilisha na aachane kabisa na habari za tangi. Ila akikodi aangalie kiwango cha chini. Mkataba wangu ulisema nikitumia pungufu ya lita kadhaa kwa mwaka, kodi inapanda. Kwetu kipengele hicho hakikuwa na maana, hatujawahi kukikaribia. Kwa mtu kama dada yangu ndicho kipengele pekee chenye maana, na kimeandikwa kwa herufi za ukubwa wa chungu.

Kuna jambo jingine ambalo nililipa uzito mdogo na sikupaswa. Tangi lako linakupa uhuru wa kuchagua muuzaji, sawa, lakini wapo wa kuchagua? Kama boza linalofika kwenye barabara yako ni moja tu, umenunua uhuru usio na pa kuutumia. Mimi nilikuwa na wauzaji watatu. Hata hivyo, msimu mmoja gesi ilipokuwa adimu, wote watatu waliwahudumia kwanza watu waliokodi matangi yao, sisi wenye matangi yetu tukawekwa mwisho wa foleni. Nilikaa siku nne nikitazama mshale umelala kwenye 12, nikikumbuka jinsi kampuni ya zamani ilivyokuwa inakuja yenyewe bila kupigiwa simu.

Na si kuja tu. Usiku mmoja, enzi za kukodi, mke wangu alisikia harufu alipotoka kuanua nguo. Propani yenyewe haina harufu. Ile ya yai viza ni kemikali inayoongezwa, ethili mekaptani, ili pua ijue kabla ya moto kujua. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara moja na nusu, hivyo haupai, unatambaa chini na kujaa kwenye mashimo na vyumba vya chini ya ardhi. Tulifunga vali ya tangi, tukatoa watoto nje, tukapiga simu kutoka mbali. Fundi alifika kabla ya alfajiri, akabadilisha regulata nzima, lile sahani la chuma linalopunguza presha kabla gesi haijaingia ndani, akapima uvujaji, akaondoka. Sikulipa chochote. Siku ninapoandika habari za kufuli, lazima niandike na hilo.

Lakini nilishaamua kununua. Kwanza niliwauliza kama wataniuzia hilohilo lililopo, maana lina miaka, limeshajilipa, na kulihamisha ni kero kwao na kwangu. Kampuni nyingine hukubali, tena kwa bei ya chuma chakavu karibu. Hii ilinitajia bei ya tangi jipya, halafu baada ya siku mbili ikasema haiuzi kabisa. Basi, nikatoa notisi.

Hapo ndipo nilipokutana na kipengele ambacho kama ningekuwa na uwezo ningekipaka rangi nyekundu kwenye kila mkataba. Gesi itakayobaki ndani siku ya kuondoa tangi haifidiwi. Na kuitoa kuna gharama, ya kwangu. Siku ya notisi mshale ulikuwa kwenye 40, yaani lita 760 nilizokwisha kuzilipia. Nikaomba tarehe isogezwe mbele wiki saba, tukaanza kuimaliza.

Sijawahi kuishi na geji kama nilivyoishi na ile. Nilikuwa naamka, navaa viatu, naenda kufunua mfuniko. Geji za matangi haya zinasukumwa na boya ndani, nazo zina ukaidi wao, ikafika mahali siiamini. Fundi mmoja mzee alinifundisha njia isiyohitaji geji: mwaga maji ya moto, si ya kuchemka, ubavuni mwa tangi kutoka juu hadi chini, subiri kidogo, kisha pitisha kiganja. Juu chuma kitakuwa na uvuguvugu. Ghafla, mahali fulani, kiganja kinaingia kwenye baridi. Pale ndipo gesi majimaji ilipoishia, maana majimaji yananyonya lile joto haraka kuliko mvuke. Mstari ni mkali kiasi kwamba niliweza kuuchora kwa chaki. Kila Jumapili nikachora mwingine chini yake. Siku wanakuja na winchi, ubavu wa tangi lao ulikuwa na mistari saba kama kalenda ya mfungwa, na ndani imebaki asilimia 9. Hizo niliwaachia.

Lilipoinuliwa, chini yake palikuwa na nyasi za njano na mpira wa mtoto uliopotea tangu mwaka tunahamia.

Ununuzi wenyewe nusura niuharibu kwa tamaa. Kulikuwa na tangi la mtumba, bei nusu ya jipya, limepakwa rangi nyeupe inayong'aa. Nikampeleka yule fundi mzee. Hakugonga chuma wala kukagua vali. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kibati cha kiwandani kilichochomelewa mwilini, chenye namba, mwaka, ujazo na presha ambayo tangi linaruhusiwa. Kilikuwa kimepakwa rangi pamoja na tangi, na chini ya rangi kutu ilikuwa imekwisha kula maandishi. "Hili nani atalijaza?" akaniuliza. Tangi lisilosomeka kibati ni kama mtu asiye na kitambulisho. Boza halali haliligusi, na hakuna fundi wa mtaani atakayekuandikia kibati kingine. Ningenunua pambo la bustani lenye uzito wa zaidi ya kilo 400.

Nikanunua jipya. Na jipya nalo halikuwa la kuunganisha na kuwasha. Ndani lilikuwa na hewa na unyevu, ambavyo lazima vifukuzwe kwanza kwa mvuke wa propani, la sivyo moto wa hita unazimika kila ukiwashwa na unyevu unaganda ndani ya regulata. Jambo lililonishtua zaidi ni harufu. Chuma kipya, hasa kilichoshika kutu kidogo kwa ndani, hunyonya ile kemikali ya harufu, na gesi inaweza kuvuja bila pua kujua. Muuzaji alinisihi mara ya kwanza tulijaze hadi 80, tusitie robo tangi kwa kubana matumizi, maana gesi nyingi kwenye chuma kipya harufu yake haipotei upesi. Siku hiyohiyo nikanunua kengele ya kugundua gesi, nikaifunga chini karibu na sakafu.

Tangu hapo kazi zote ni zangu. Rangi nyeupe, kwa sababu rangi nyeusi inavuta jua na presha inapanda. Kutu inayoanza miguuni. Regulata, ambayo watengenezaji wengi huipa umri wa miaka 15 hadi 25, na ambayo tarehe yake nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko. Nikiacha gesi iishe kabisa, lazima fundi aje kupima uvujaji kabla ya kuwasha tena, na bili ni yangu. Nilishawishiwa kulizika ardhini lisiharibu sura ya uani, nikakataa. Tangi la chini linahitaji vipande vya metali vya kuliwa na kutu badala ya tangi lenyewe, na mtu wa kuvipima kila baada ya miaka kadhaa, nami najijua. Kitu nisichokiona sikikumbuki.

Nimefika mwaka wa tano. Hesabu yangu ya lita imeyumba kidogo, kwa sababu kampuni ya zamani ilishusha bei mwaka ule nilioondoka, na yule nafuu akapandisha. Nadhani itakuwa miaka minane, labda tisa. Dereva aliyekataa kunijazia ndiye anayekuja siku hizi. Bado anasoma kibati kila mara kabla ya kufunga mpira wake, nami sijamwambia aache.

Wiki iliyopita dada yangu alinitumia picha za mkataba, kampuni inataka kumwekea tangi la lita 450 la kukodi. Nikamwekea duara kwenye mistari miwili, ule wa kiwango cha chini na ule wa gesi inayobaki. Akawaandikia kuuliza gesi ya kubaki itahesabiwa kwa bei ya siku ya kununua au ya siku ya kuondoa, na nani analipia kuinyonya. Bado hawajamjibu.